Luberizi Katika Uwanja wa Parokia

Jumatatu, 11 Juni 2001

Mkutano wa Kundi la Utafiti wa Jiografia ya Vijijini. Viti havikutosha. Nikasimama kwa hiari yangu, karibu na dirisha, ili Profesa anione vizuri.

Profesa Léopold alisoma ratiba kama anavyoisoma kila mwaka. Juni, safari ya mashambani. Mwisho wa Juni, Siku ya Masomo. Julai, jarida letu. Akasema vita ni vita na jiografia ni jiografia. Kundi halijakosa safari hata mwaka mmoja tangu liundwe. Hata mwaka wa tisini na sita, mji mzima ulipokimbia na magodoro kichwani, Profesa alisema kukimbia kwenyewe ndiyo safari. Tulihesabu vibanda kando ya barabara ya Walungu huku tukitafuta pa kulala. Jarida likatoka, na lilikuwa jarida zuri.

Kisha habari kubwa. Amechoka, anataka kupumzika. Siku ya Masomo atamtaja mkuu mpya wa kundi, kwa kutazama nani amefanya safari bora. Ni mimi au Micheline. Wengine hawana hamu.

Micheline akapendekeza Kavumu. Ni karibu, barabara inapitika, watu wanalima. Wazo la kawaida kabisa, kama viatu vyake. Mimi nikasema Luberizi, kijiji cha bonde la Ruzizi.

Kila mtu anajua barabara ya bonde hilo haipitiki, na watu wa huko wengi wamekimbilia huku kwetu. Lakini Profesa alivua miwani. Luberizi ndiko alikofanyia utafiti wake wa ujana, mpunga na mifereji. Akauliza nitafikaje. Nikajibu hilo aniachie mimi.

Sijui nitafikaje. Lakini kiti kile cha mkuu nakitaka. Nimelitumikia kundi hili tangu nikiwa mwanafunzi hadi leo nikiwa asistanti, mhadhiri msaidizi wa chuo, nimeshika kamba za kupimia juani, nimewapikia ugali kambini. Micheline amekuja juzi tu. Sitampisha.

Jumatano, 13 Juni

Dereva wa kwanza wa lori alinisikiliza vizuri hadi niliposema Luberizi, kisha akapandisha kioo. Wa pili alicheka, akamwita mwenzake nirudie. Masista waliniahidi kuniombea. Nikafikiria kuzungukia Burundi. Burundi nao wana vita yao.

Nilirudi nyumbani nimekunja uso. Georgette, mke wangu, alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa. Akasema, “Luberizi iko hapa mu avenue yetu. Baba wa jirani wametoka kule, ba nyuma ya parokia wametoka kule. Unatafuta gari ya kwenda wapi tena?”

Alikuwa ananidhihaki. Lakini mimi nilikuwa tayari nimepata wazo langu.

Kama jiografia haiwezi kwenda kijijini, kijiji kitakuja kwa jiografia! Nitachora Luberizi chini, kubwa, mtu aweze kuitembea. Wenyewe watanionyesha kila njia na kila shamba. Micheline ataleta daftari la Kavumu. Mimi nitaleta kijiji kizima. Nilimweleza Georgette wazo langu. Akarudi kwenye maharage.

Ijumaa, 15 Juni

Padri amenipa uwanja wa parokia. Nilimwambia ni mchoro mdogo. Akauliza mdogo kiasi gani. Nikaonyesha kwa mikono, labda niliibana kidogo.

Mchana nilishuka mtaa wa Nguba kwa mke wa Profesa, Maman Madeleine, na sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye beseni. Mkuu mtarajiwa lazima ajulikane nyumbani. Amenipokea vizuri sana. Hakuna anayetaka Profesa apumzike kuliko yeye. Alinifungulia chumba nione. Udongo wa kila kijiji cha Kivu umo kwenye vifuko chini ya kitanda. Siku mume wake atakapoacha kazi, udongo wote utakwenda ziwani, na yeye atalala bila kukohoa. Ameahidi kunisemea. Aliniita mwanangu.

Micheline anaondoka kesho kwenda Kavumu na wanafunzi wawili. Nilimwambia kwa upole kwamba nimesikia barabara ni mbaya. Akasema na yeye amesikia, ndiyo maana anaondoka mapema. Mwanamke huyu hatishiki. Ni kasoro kubwa kwa mtafiti.

Jumamosi, 16 Juni

Siku tukufu. Niandike haraka, mikono bado imejaa majivu.

Nilitegemea watu kumi. Walikuja familia nzima nzima, na bibi zao. Mipaka tulichora kwa unga wa matofali, njia kwa majivu ya jikoni la Padri. Kwa mfereji mkubwa wa mpunga tulitandika shitingi, ile plastiki ya buluu ya wakimbizi. Mtu alivua ya paa lake mwenyewe, akasema mvua haiko msimu huu. Nilisimama juu ya kiti na kuelekeza. Hatua moja ya uwanja, hatua mia za Luberizi, isipokuwa nyumba, ambazo lazima mtu aweze kuingia. Walinielewa haraka.

Papa Jean-Baptiste na Papa Bienfait, majirani wa mpunga kule, walivuta kamba ya mpaka wao pamoja na kucheka. Nikaandika kwamba hakuna mgogoro wa ardhi.

Mama mmoja, Bintu, alichora nyumba yake tu. Vyumba viwili, jiko, mlango. Kisha akaleta kigoda akakaa ndani. Nilipotaka kupita kwenda kupima, alinizuia kwa mkono. “Papa Asistanti, usipite pale. Pale ni ukuta. Mulango iko huku.” Nikazunguka nikapita mlangoni. Sijui kwa nini, nilibisha hodi.

Jumapili, 17 Juni

Tatizo dogo.

Sikufikiria misa. Waumini walikuja na wakakuta Luberizi kati yao na mlango wa kanisa. Watu wa Luberizi walikuwa wamewahi, kila mmoja amesimama shambani kwake. Jean-Baptiste alikaa kwenye mfereji na kuelekeza kila mtu apite darajani, yaani kwenye ubao. Ubao ni mmoja. Foleni ilifika barabarani. Mama mwenye viatu virefu alikanyaga kitalu cha mpunga cha Bienfait, wakamwomba arudi aanze njia upya. Alirudi, maskini. Waimbaji wa korali walitaka kukata kona wakaambiwa hapo ni makaburi.

Padri alianza misa na viti vitupu. Akasoma somo polepole sana kuwasubiri. Baadaye aliniita sakristia, chumba anamovalia mavazi ya misa, akaniomba nimwonyeshe tena kwa mikono mchoro mdogo ni kiasi gani.

Nimemwomba hadi Jumamosi, Profesa atakapokuja kuona. Amekubali, lakini lazima kuwe na madaraja mawili.

Jumanne, 19 Juni

Mashamba yanakua.

Nilidhani ni macho yangu. Nimepima leo asubuhi. Shamba la Jean-Baptiste lilikuwa linaishia kwenye mti wa parachichi, sasa limefika jikoni kwa Padri. La Bienfait limezunguka choo. Familia mpya zimefika kutoka mtaa wa Kadutu na kudai sehemu yao, wakapewa upande wa sakristia. Nikijumlisha mashamba yote, Luberizi imekuwa kubwa kuliko bonde lenyewe, ukiweka na mto.

Haiwezekani kumwonyesha Profesa kijiji chenye sakristia ndani ya mpunga. Nilikaa chini nikafikiri kisayansi. Suluhisho ni rahisi, ningelijua ningelifanya toka mwanzo. Nibadilishe kipimo. Nusu. Kila kitu kiwe nusu, uwanja utabaki na nafasi, na hakuna atakayeonewa kwa sababu wote wamepungua sawasawa.

Walipokwenda kula nilifagia, nikachora upya peke yangu. Jasho lilinitoka. Kazi safi kabisa, mistari imenyooka kama kitabuni.

Wakarudi.

Mwanzoni walidhani wamekosea uwanja. Kisha Jean-Baptiste alipima shamba lake kwa hatua, akalipima tena, akaja kusimama mbele yangu. “Asistanti, asubuhi shamba yangu ilikuwa inafika ku jiko ya Padiri. Sasa inaishia hapa. Nusu yangu umepeleka wapi?”

Nikaeleza kipimo. Nikaeleza kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa vijiti. Nikasema ardhi haijaguswa, ni mchoro tu ndio umepungua. Bienfait akasema kama ardhi haijaguswa basi nirudishe yake ilivyokuwa. Mwingine akasema hata serikali ya zamani ilianza hivyohivyo, kwa kamba na mtu mwenye kalamu. Kisha Jean-Baptiste na Bienfait, ambao Jumamosi walikuwa wanacheka, walianza kubishania nani aliyeongeza kwanza. Sasa hawasemeshani.

Nyumba ya Bintu nayo ilikuwa imepungua, kigoda hakiingii. Alisimama amekishika mkononi, anatazama chini, hajui akiweke wapi.

Hilo lilinichoma. Nikachukua majivu nikamchorea nyumba yake upya, kubwa kama ilivyokuwa. Akaingia, akakaa. Lakini sasa nyumba ya Bintu ni kubwa kuliko kanisa la Luberizi, na wengine wote wameona.

Alhamisi, 21 Juni

Mji mzima unasema chuo kinagawa Luberizi. Sokoni Georgette ameulizwa kama anaweza kuwatengea watu kipande karibu na maji. Amerudi nyumbani bila mboga.

Saa ya chakula cha mchana akafika afisa mmoja wa wanaotawala mji kwa sasa, na askari watatu. Amesikia kuna ramani. Ramani ya eneo la mapigano, mahali pa wazi, na njia zote zimeonyeshwa. Nani ameruhusu, na ni kwa ajili ya nani?

Nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba ni katekisimu. Ni Nchi ya Ahadi, ya kuwafundisha watoto. Afisa aliizunguka yote, taratibu. Akauliza Yordani iko wapi. Nikamwonyesha shitingi. Akauliza na yule mama aliyekaa peke yake ni nani. Nikasema Rebeka.

Bintu alimwamkia vizuri. Askari mmoja alivua kofia. Wakaondoka, na afisa alipita kwenye daraja.

Padri alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akasema amesoma Maandiko miaka mingi, hajapata kuona mpunga Yordani. Lakini hakunikanusha mbele yao, na jioni alituma kikapu cha majivu mapya. Mtu huyu simwelewi.

Micheline amerudi kutoka Kavumu. Salama, bila mkwaruzo, na kabichi kwa kila mwanakundi. Hata kwangu. Ni mbinu ya wazi ya kutafuta kiti. Nilikataa kabichi. Georgette alikwenda kuichukua.

Alikuja kuona uwanja wangu. Nikamweleza. Akasema, “Xavier, kama ulikuwa unapunguza kipimo, ungebaambia kwanza. Wewe umefagia nyumba ya mutu akiwa anakula.” Kisha, bila kuombwa, akaketi kati ya Jean-Baptiste na Bienfait akawauliza mfereji ule ulisafishwa mara ya mwisho lini, na nani alikuja kusafisha. Wakajibu wote wawili kwa pamoja. Wakabishana, wakakumbushana majina, mmoja amekufa njiani, mwingine yuko Uvira. Ndani ya saa moja walikuwa wanachora mpaka upya wenyewe, kwa kipimo cha zamani, na sakristia wameirudisha kwa Padri.

Ameingilia safari yangu. Nitalitaja hilo mahali panapofaa.

Jumamosi, 23 Juni

Profesa amekuja.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Sikuitoa. Alifika ukingoni mwa mfereji, akasimama, kisha akavua viatu. Soksi pia. Akaingia Luberizi miguu mitupu, suruali ameikunja, mzee wa watu.

Alitembea bila kuuliza njia. Alifika mahali akasema hapa kulikuwa na duka la chumvi. Bibi mmoja akasema lilikuwepo kweli, la baba yake. Akafika kwenye kona ya mfereji akasema kona iko mbele zaidi, baada ya mnazi. Bienfait akasema hapana, kabla. Profesa akasema amepima mwenyewe. Bienfait akasema amezaliwa hapo. Wakabishana kwa furaha kubwa, mpaka wote wawili wakaingia na fimbo na kuhamisha kona mara tatu.

Kisha akapita kwa Bintu. Alipita mlangoni. Bintu akamwambia karibu, akamsogezea kigoda, yeye akakaa chini. Sikusikia walichozungumza. Profesa aliuliza kitu, Bintu akanyoosha mkono kuelekea upande wa choo, ambako kwa kipimo chetu ni upande wa milima. Profesa alitoa kitambaa akafuta miwani, akaifuta tena. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mpunga, na nikaona na mimi macho yananiuma. Ni majivu haya, yanapeperuka.

Alipotoka alinishika bega. Akasema hajapata safari kama hii tangu ujana wake. Alisema mbele ya Micheline!

Nimepata. Kiti ni changu. Nimemtumia Maman Madeleine salamu aanze kufungasha ule udongo.

Jumatano, 27 Juni

Siku ya Masomo. Nimevaa suti ya harusi. Inabana, lakini mkuu lazima avae suti.

Micheline alitangulia na Kavumu. Nani analima wakati gani, mashamba gani yameachwa kwa hofu, wanawake wanapita njia ipi kwenda sokoni tangu mapigano. Ilieleweka. Watu waliandika. Nilipiga makofi mawili.

Kisha mimi. Ukumbi ulijaa kwa sababu Luberizi yote ilikuja. Kila nilipotaja mahali, walinisahihisha kutoka nyuma. Nilipomaliza wakasimama na kupiga vigelegele. Bintu alikuwa mstari wa mbele, na kitenge kipya cha kuazima.

Profesa akasimama kumtaja mkuu mpya. Nilifunga kifungo cha koti.

Akasema alikuwa ameamua kupumzika. Alidhani kazi yake imekwisha, nchi imefungwa, na mashamba aliyoyajua hatayaona tena. Lakini Jumamosi aliikanyaga Luberizi. Usiku ule hakulala, alikuwa anaandika. Kuna maswali ambayo hakuuliza wakati ule na watu wa kuyajibu wako hapahapa mjini, wamekaa kwenye shitingi, wanangoja kuulizwa. Kwa hiyo hapumziki. Atabaki mkuu wa kundi mpaka atakapoingiza miguu kwenye mfereji wenyewe, kule kule, na Papa Bienfait akiwepo, ili suala la kona limalizike.

Watu walishangilia. Hata mimi nilishangilia, mikono ilianza yenyewe.

Kisha akasema Micheline atakuwa msaidizi wake katika kazi hiyo, kwa sababu anajua kukaa chini na watu. Na mimi nimeshukuriwa kwa namna ya pekee. Namna ya pekee!

Nje nilikutana na Maman Madeleine. Nilimwamkia. Alinipita. Nilimwamkia tena kwa Kimashi, lugha ya kwao, akafungua mwavuli ingawa hakukuwa na mvua wala jua. Nimesikia kwamba tangu Jumamosi kuna mfuko mpya chini ya kitanda, wa majivu ya parokia.

Micheline alikuja kunipa mkono. Akaniambia Bintu ameuliza kama kesho anaweza kuja bado kukaa, au kama tumemaliza. Micheline amemwambia aje. Ningemwambia vilevile, ila sikuulizwa.

Ijumaa, 29 Juni

Nimelala siku nzima ya jana. Georgette aliniletea uji. Mwishowe aliniambia kwamba kama ningewaomba watu wanisaidie kufikiri badala ya kufikiri mimi kwa niaba yao, leo ningekuwa nakunywa chai na Profesa. Akasema nijifunze.

Nimejifunza. Nimelifikiria jambo lote kwa utulivu na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kuchagua kijiji anachokipenda Profesa! Mtu anapoonyeshwa mahali anapopapenda anapata nguvu, hapumziki. Mwakani nitamwonyesha mahali anapopachukia.

Shabunda. Aliugua malaria huko kwa mwezi, na mpaka leo akisikia jina anaomba maji. Ni msitu na matope. Akitembea humo kwa nusu saa ataomba mwenyewe kuacha kazi, na kiti kitakuwa wazi.

Shabunda ni kubwa, karibu kama Ubelgiji, kwa hiyo uwanja wa Padri hautoshi. Nimekwenda leo shule ya jirani, wana kiwanja cha mpira kizuri, na mkurugenzi anaonekana mtu mwepesi wa kukubali. Nimemwambia ni mchoro mdogo.

Watu wa kunisaidia nimeshawapata. Wachimbaji dhahabu wa Mwenga na Shabunda wako tele mjini tangu vita. Nimewaeleza kwamba kila mmoja atanionyesha mahali shimo lake lilipo, na nani jirani yake. Walipenda sana, walianza kuonyeshana palepale. Wameuliza kama waje na koleo.

Nimewaambia waje nazo.